Kaa Mwenye Jembe



Juzi tulikwenda delta ya Rufiji, kule Kibiti, kupanda mikoko mahali ilipofyekwa zamani ili kulimwa mpunga. Mzee mmoja mwenyeji alituongoza. Tope jeusi mpaka magotini, linanuka kama yai viza. Nikalalamika: "Mzee, kaa wametoboa kila mahali!"

Akacheka. "Mwanangu, kwenye mpunga tuliwachukia, walikata miche. Lakini kwenye mikoko kaa ndiye mwenye jembe." Kumbe mashimo yake hupitisha maji na hewa kwenye tope lililoshikana. Majani anayoyaburuta shimoni huoza, yakarutubisha udongo.

Nikanyamaza. Nilikuwa na miaka 2 sijaungama. Moyo wangu ndiyo tope lile: umejifunga, unanuka ndani kwa ndani. Nilitaka Mungu apande tu, asichimbe. Lakini katika mfano wa mpanzi, Mathayo 13, mbegu ni ileile. Kinachotofautiana ni udongo.

Jumamosi nikaenda kwenye kitubio. Iliuma, sikatai. Ila nilipumua.

Na wewe je, ni wapi hutaki Bwana aguse? Mwache achimbe hapohapo. Amina.