Mfalme Asa: Kumtumaini Mungu Hata Mwisho

Someni: 2 Mambo ya Nyakati, mlango wa 14 hata wa 16



Habari za Daudi na Sulemani tumezisikia tangu utoto wetu. Habari za mfalme Asa hazisomwi mara nyingi kanisani. Hata hivyo milango mitatu ya Maandiko imetolewa kwa ajili yake, na ndani yake mna onyo kwetu sisi tuliobatizwa siku nyingi, tunaodhani kwamba kumtumaini Mungu ni somo tulilokwisha kulimaliza.

Asa alikuwa kitukuu cha Sulemani. Alitawala Yuda, ule ufalme mdogo wa kusini, kwa miaka 41, karibu miaka 900 kabla ya kuzaliwa kwake Kristo. Alianza vizuri. Alibomoa madhabahu za miungu migeni, akawaagiza watu wake wamtafute Bwana. Hata Maaka, mama mkubwa katika nyumba ya mfalme, alipofanya sanamu ya kuchukiza, Asa alimwondoa katika cheo chake, na sanamu ile akaiteketeza penye kijito cha Kidroni. Nasi twajua ilivyo vigumu kumkataza mkubwa wa ukoo jambo la namna hiyo.

Kisha akaja Zera Mkushi kupigana naye. Maandiko yanasema Zera alikuwa na watu 1,000,000 na magari 300. Asa alikuwa na watu 300,000 wa Yuda na 280,000 wa Benyamini. Walipanga vita huko Maresha. Asa hakukaa nyumbani akingoja muujiza. Alijenga miji yenye maboma, akawapa watu wake ngao na mikuki, akatoka kwenda kumkabili adui. Lakini kabla ya kupiga alimlilia Mungu wake. Alikiri kwamba kwa Mungu si kitu kumsaidia mwenye nguvu au asiye na nguvu, na ya kuwa yeye na watu wake wanamtegemea Yeye tu. Mungu akawapiga adui, nao wakakimbia.

Basi hapa tunajifunza jambo la kwanza. Kumtumaini Mungu si kukunja mikono. Mkulima anayemtumaini Mungu hulima na kupanda na kupalilia, kisha hupiga magoti. Asa alikuwa na jeshi, lakini tumaini lake halikuwa katika jeshi.

Baada ya hayo nchi ilipata raha miaka mingi. Asa aliingiza katika nyumba ya Bwana fedha na dhahabu na vyombo vilivyowekwa wakfu na baba yake na yeye mwenyewe. Ghala zikajaa, miji ikasitawi. Labda ndipo hatari ilipoanza, ingawa hakuna aliyeiona.

Katika mwaka wa 36 wa kutawala kwake, Baasha, mfalme wa Israeli, alipanda akaanza kujenga boma huko Rama, kama kilometa 8 tu kaskazini ya Yerusalemu, ili azuie njia. Baasha hakuwa na watu 1,000,000. Alikuwa mfalme jirani, wa taifa lile lile la Yakobo. Nasi tungetazamia kwamba mtu aliyeshinda jeshi la Zera kwa maombi angekwenda tena hekaluni kuomba. Kweli, Asa alikwenda hekaluni. Lakini safari hii hakwenda kuomba, alikwenda kuchukua. Alitoa fedha na dhahabu katika hazina za nyumba ya Bwana, akampelekea Ben-hadadi, mfalme wa Shamu aliyekaa Dameski, ili aipige Israeli kutoka nyuma.

Tuone vema jambo hili, wapenzi. Kile alichomtolea Mungu siku za amani, alikitwaa tena siku ya hofu. Je, sisi hatufanyi hivyo? Mavuno yakiwa mema, tunaahidi sadaka ya shukrani. Mvua ikikawia, ahadi ile ndiyo ya kwanza kukatwa. Tulimpa Bwana Jumapili yetu, kisha biashara ikayumba kidogo, nasi tukafungua duka wakati wa ibada. Hofu inajua njia ya kwenda penye hazina ya Mungu.

Tena, shauri la Asa lilifaulu, na hilo ndilo la kutisha. Ben-hadadi aliipiga miji ya kaskazini, Baasha akaacha kujenga, na watu wa Yuda wakayachukua mawe na miti ya Rama wakajenga Geba na Mispa. Watu wangesema, mfalme ana akili. Lakini Mungu alimtuma Hanani mwonaji amwambie kwamba amefanya upumbavu, kwa kuwa alimtegemea mfalme wa Shamu wala hakumtegemea Bwana, na ya kuwa tangu siku hiyo atakuwa na vita. Hanani alimkumbusha pia kwamba macho ya Bwana yanazunguka duniani kote yakiwatafuta wenye mioyo iliyo mikamilifu kwake, ili awasaidie. Kwa hiyo tusipime tumaini letu kwa kuuliza tu kama mambo yamefanikiwa. Mtu aweza kufanikiwa kwa njia isiyompendeza Mungu.

Asa alifanya nini alipoonywa? Alimkasirikia Hanani akamtia katika nyumba ya mkatale, na wakati ule ule akawaonea baadhi ya watu wake. Katika ujana wake nabii Azaria alipomletea neno, alilisikia akatiwa nguvu. Katika uzee wake neno lilimchoma, akamfunga aliyelileta. Moyo ulioacha kumtumaini Mungu hauvumilii kuonywa. Ikiwa sisi wazee wa kanisa, na walei wa siku nyingi, twaona hasira kila padre au kijana au mke nyumbani anapotuonya, tujiulize kama tumaini letu bado liko mahali pake.

Yako mambo mengine ambayo wengi hawayajui. Karibu miaka 300 baadaye, nabii Yeremia, katika mlango wa 41, anatuambia habari za shimo la Mispa ambalo Ishmaeli alilijaza maiti za watu aliowaua. Naye anasema shimo lile ndilo alilolifanya mfalme Asa kwa sababu ya kumwogopa Baasha. Baasha alikuwa amesahauliwa, na Asa amezikwa zamani, lakini shimo la hofu yake lilikuwa bado liko wazi. Wazazi, tufikiri. Watoto wetu watarithi tunavyovijenga kwa imani, na pia watarithi mashimo tuliyoyachimba kwa hofu.

Mwaka wa 39 Asa alipata ugonjwa mkali wa miguu. Maandiko yanasema kwamba hata katika ugonjwa huo hakumtafuta Bwana, bali waganga. Wako wanaolitumia neno hili kuwazuia wagonjwa wasiende hospitali. Sivyo. Luka alikuwa tabibu, naye Paulo alimpenda. Kanisa letu lenyewe limejenga hospitali, kama ile ya Mengo kule Uganda iliyoanzishwa mwaka 1897, na ile ya Mvumi karibu na Dodoma. Kosa la Asa halikuwa kutafuta dawa. Kosa lake lilikuwa kutokumtafuta Bwana hata kidogo. Mtu anaweza kulala kitandani miezi mingi, akapitia kila daktari, tena usiku akapelekwa kwa siri kwa mpiga ramli, na katika muda wote huo asimwambie Mungu neno moja. Twende hospitali, lakini twende tukiwa tumeomba. Na kwa mpiga ramli tusiende kabisa.

Asa alikufa katika mwaka wa 41 wa kutawala kwake, akazikwa kwa heshima na manukato mengi. Je, Mungu alimtupa? Kitabu cha kwanza cha Wafalme kinashuhudia kwamba moyo wake ulikuwa mkamilifu kwa Bwana siku zake zote. Na tukifungua mlango wa kwanza wa Injili ya Mathayo, jina lake tunalikuta katika ukoo wa Bwana wetu Yesu Kristo. Mungu hakuisahau ile siku ya Maresha. Rehema yake ni kubwa kuliko kuanguka kwetu.

Lakini tusiitumie rehema hiyo kuwa mto wa kulalia. Yule aliyetusaidia tulipokuwa hatuna kitu ndiye yule yule sasa tukiwa na mabati juu ya nyumba na akiba kidogo. Wiki hii, kila mmoja wetu akumbuke siku yake ya Maresha, siku ile alipomlilia Mungu akasikiwa. Kisha aitazame hofu aliyo nayo leo, aipeleke kwa Mungu yule yule, kabla hajaipeleka Dameski.

Bwana atupe neema ya kumtumaini hata mwisho. Amina.