Uzito Ulioandikwa Juu ya Mfuko

Sura al-Mutaffifin, yaani sura ya wapunjao vipimo, inaanza kwa kumwonya mtu ambaye akipokea kwa wenziwe hudai kipimo kilichojaa, na akiwapimia wao huwapunguzia. Makosa hayo mawili hukutana katika biashara ya chakula nchini Tanzania pale mkulima anapolazimishwa kuuza mahindi yake kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa hadi likashonewa juu ya mdomo wake na kupita kilo 100 zinazoruhusiwa na sheria, ilhali bei inabaki ya gunia moja. Kisha mahindi hayohayo yakishasagwa hurudi dukani katika mfuko ulioandikwa kilo 2 ambazo ndani hazitimii. Anayenunua kwa namna ile na kuuza kwa namna hii amejikusanyia pande zote mbili za onyo hilo, naye huenda anaswali safu ya mbele.

Mnunuzi wa unga uliofungwa kiwandani haoni mizani, bali husoma maandishi na kuyaamini, na kwa sababu hiyo lebo ndiyo iliyoshika nafasi ya mizani. Anayeandika uzito usiokuwemo ameongeza juu ya kupunja dhambi ya ghishi, ambayo ni kuficha kasoro ya bidhaa. Imepokewa na Abu Hurayra, katika Sahih ya Imamu Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika lundo la chakula sokoni, vidole vikakuta unyevu, mwenye mali akasema kuwa ni mvua, naye akaulizwa kwa nini hakuiweka sehemu ile iliyolowa juu watu wakaiona. Samaki walioganda, ambao barafu iliyowafunika imehesabiwa kuwa nyama, wanaingia katika hukumu hiyo bila shaka yoyote.

Kusimamia jambo hili ni kazi ya hisba, yaani mamlaka ya kuamrisha mema na kukataza maovu hadharani. Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, alieleza kuwa muhtasibu, ambaye ndiye msimamizi wa kazi hiyo, anaweza kuzijaribu mizani anazozitilia shaka, na kwamba ni salama zaidi zilizohakikiwa zikiwa na chapa inayojulikana na watu. Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, unatekeleza maana hiyohiyo kwa Sheria ya Vipimo: mkaguzi huupima mfuko uliojaa, akapima na kifungashio kitupu, akatoa, na kinachobaki ndicho uzito halisi unaolinganishwa na lebo. Muumini anayemhonga mkaguzi huyo, au anayemwonyesha mifuko aliyoiandaa kwa ajili ya ukaguzi tu, amewazibia wanyonge mlango pekee wa kupata haki yao, kwani mama anayenunua kilo 2 za kupikia wanawe hana mizani jikoni.

Faini nayo isimpumbaze mtu. Fedha hiyo huingia serikalini, na gramu zilizopunjwa zinabaki kuwa haki za waja, ambazo wanavyuoni wamesema toba yake haitimii mpaka zirudishwe kwa wenyewe. Na wasipojulikana, kama ilivyo kwa wanunuzi wa rejareja, thamani yake itolewe sadaka kwa niaba yao, ikikadiriwa kwa ukarimu na si kwa ubahili uleule uliozipunguza.