Chumvi ya Mwenye Saumu

Ikishapita Alasiri ya Ramadhani, jikoni kwa watu wa pwani huwa na mambo mawili yanayogombana. Moja ni kupika chakula kizito kuliko siku nyingi za mwaka: muhogo wa nazi, magimbi, ndizi mbivu zilizoungwa kwa tui na hiliki, kunde, tambi, na kwa wenye nafasi bokoboko au pilau. La pili ni kutotia chochote kinywani. Anayepika amefunga, na chungu kinataka ulimi wa kukipima. Je, aonje?

Swali linaonekana dogo. Wanavyuoni, hata hivyo, wamelirudia kwa karne nyingi, maana ukilifuata kidogo tu unakuta limeshika mambo makubwa: saumu inaanzia wapi mwilini, nani anastahili kuitumia ruhusa ya dini, na jasho la anayewalisha wengine linahesabiwa vipi.

Waislamu wengi wa mwambao, kuanzia Lamu hadi Ngazija, ni wa madhehebu ya Imamu Shafi. Katika Minhaj, kitabu cha Imamu Nawawi wa Shamu aliyefariki mwaka 1277, mfungaji anashauriwa ajiepushe na mambo kadhaa yasiyofunguza: kuumikwa, kubusu, kuonja chakula, kutafuna ulimbo. Kuonja kumo ndani ya orodha, lakini si kwa sababu kunabatilisha saumu. Kunakaribia mpaka, basi. Waliokuja baadaye kukisherehesha kitabu hicho wakaongeza jambo linalomhusu mpishi moja kwa moja: mwenye haja, kama anayepika, au mzazi asiye na budi kumtafunia mtoto mchanga chakula, kwa huyo si makuruhu, yaani si jambo la kuchukiza. Sharti ni kwamba kisivuke kitu kooni. Aonje kwa ncha ya ulimi, ateme, asukutue. Na kabla ya Nawawi, Bukhari, mkusanyaji wa hadithi, alikwisha kuinukuu rai ya Ibn Abbas, binamu yake Mtume, kwamba hapana ubaya kwa mfungaji kuonja kilichomo chunguni.

Hivyo mpaka wa saumu uko kooni. Ulimi umebaki nje. Ladha yenyewe, hata ikiwa ya kuburudisha, haifunguzi. Kinachofunguza ni kumeza. Mtu anaweza kuujua utamu wa tui akabaki na saumu yake nzima.

Wala Waislamu hawako peke yao. Katika karne ya 16, Rabi Yosef Karo wa mji wa Safed aliandika kwenye Shulchan Aruch kwamba aliyefunga anaweza kuonja chakula kwa kiasi kidogo kilichopimwa na kukitema, isipokuwa katika siku mbili zilizo nzito kuliko nyingine, Yom Kippur na Tisha b'Av. Dini mbili, vitabu tofauti, na zote mbili zimetenganisha kuonja na kula. Inaelekea walioandika sheria hizo walikuwa na watu majumbani mwao waliokuwa wakisubiri jibu wakiwa na mwiko mkononi.

Ushahidi wa hilo unaonekana vizuri zaidi kwa Mahanafi, wafuasi wa madhehebu nyingine ya Kiislamu. Fatawa al-Hindiyya, mkusanyo mkubwa wa hukumu ulioandaliwa India katika karne ya 17 kwa amri ya mfalme Aurangzeb, unataja udhuru mmoja wa kuonja unaomfanya msomaji wa leo asite: mwanamke ambaye mume wake ana hulka mbaya. Huyo aonje mchuzi bila wasiwasi. Mafakihi waliandika hivyo bila kutabasamu, kwa kuwa walijua nyumba zilivyo. Waliona kwamba chumvi ikizidi kuna mtu atakayetukanwa, na wakaona bora ulimi wake uguse mchuzi kuliko usiku wake uharibike. Ni huruma. Ila ni huruma ya ajabu kidogo, maana inampa mwanamke njia ya kujikinga na inamwacha mume na ulimi wake vilevile.

Huyo mume anayo hadithi yake ya kusoma, nayo imo katika Bukhari na Muslim: Mtume hakuwahi kukitia kasoro chakula. Alipokitamani alikula, asipokitamani alikiacha. Lau mizani ya futari ingewekwa hapo, kwa anayekula, swali la kuonja lingepungua makali mara moja.

Sasa kuna jambo ambalo vitabu havilielezi. Ruhusa ipo wazi, na bado wapishi wengi wa pwani hawaitumii. Wanasema roho haitulii. Wengine wanaogopa mazoea: ulimi ukishaguswa na mchuzi, koo humeza lenyewe kabla mtu hajafikiri. Hoja hiyo ina nguvu, na ndiyo wanayoitaja waliokisherehesha kitabu cha Nawawi wanapoeleza kwa nini jambo hili limetiwa miongoni mwa ya kuepukwa. Lakini upande wa pili kuna mafundisho kwamba Mwenyezi Mungu hupenda ruhusa zake zitumiwe, na katika aya ya 185 ya Sura ya Baqara, katikati ya aya za funga zenyewe, inaelezwa kuwa anachowatakia waja ni wepesi, si uzito. Je, mwenye kuiacha ruhusa amezidi ucha Mungu, au ameikataa zawadi? Kujibu kwa mkato ni kumwonea mtu. Anayejua kwamba atameza afanye hadhari. Anayejiamini aonje, wala asitazamwe kama aliyekula kisirisiri.

Wengi huitafuta njia ya tatu: ulimi wa kuazima. Mtoto wa miaka sita huitwa jikoni apewe tone kiganjani. Mtoto ni mwonjaji mbaya. Kila kitu kwake ni kitamu, na akiulizwa kama chumvi imekolea hujibu anachodhani mama anataka kukisikia. Mtu mzima asiyefunga angefaa zaidi, ila hapo pana aibu yake. Msichana aliye katika siku zake akiitwa mbele ya kaka zake aje kuonja, nyumba nzima imeshaambiwa habari asiyotaka kuitangaza. Ndiyo maana katika nyumba zenye adabu huitwa mtoto, na mchuzi ukatoka ulivyotoka.

Uhodari wa wapishi wa pwani umekulia katika pengo hilo la ulimi usiotumika. Kupika bila kuonja si kubahatisha. Kunataka mtu apime, anuse, asikilize na kutazama, na vyakula vya futari vinasaidia kwa kuwa vingi vina dalili za nje.

Chukua muhogo wa nazi. Huchemshwa kwanza kwa tui jepesi, lile la mkamuo wa pili, na tui zito huingia mwishoni. Kosa la kawaida ni kumaliza kutia chumvi mapema, muhogo ungali mgumu. Maji yakipungua motoni chumvi haiondoki nayo. Kilichokuwa sawa saa kumi huwa kikali saa kumi na mbili. Kisha tui zito likiingia, mafuta na utamu wake hulainisha ukali, na hesabu inabadilika tena. Basi robo tatu ya chumvi itiwe mwanzoni ili iingie ndani ya vipande, na robo ibaki hadi tui zito limechemka mara moja, chungu kikiwa wazi, mwiko ukizunguka polepole tui lisikatike.

Pilau inatoa siri yake kwenye supu kabla ya mchele kutiwa. Vitunguu vikifikia rangi ya kahawia iliyoiva, si vyeusi, harufu hugeuka kutoka ukali kuwa tamu, na pua ya mwenye njaa haikosei hapo. Chumvi ya supu lazima iwe juu kidogo ya ile inayotakiwa mezani, kwa sababu wali utainywa supu yote na kuisambaza.

Bokoboko ndilo darasa gumu. Ngano iliyokobolewa hulowekwa usiku, ikapikwa kwa saa nyingi pamoja na nyama yenye mifupa, mifupa ikatolewa, kisha ikasongwa hadi ngano na nyama zisijulikane ipi ni ipi. Chakula hiki ni ndugu wa hariisi ya Waarabu, ambayo imo katika kitabu cha mapishi cha al-Baghdadi cha mwaka 1226, na ambayo mwaka 2023 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni kwa ombi la Falme za Kiarabu, Oman na Saudi Arabia. Kuiva kwake hakujulikani kwa ulimi hata siku za kula mchana. Mkono ndio unaojua: mwiko huanza kuwa mzito, rojo likavutika likiinuliwa, likaachana na ukingo wa sufuria. Chumvi pekee ndiyo inayobaki kuwa fumbo, na hapa kosa ni ghali, kwa sababu bokoboko lililozidi chumvi haliokoleki. Lililopungua linaweza kusaidiwa na samli iliyotiwa chumvi, ikamiminwa juu ya sahani.

Shauri lenye faida kuliko yote ni la mwezi mmoja kabla. Shaabani ndio wakati wa kupima. Ulimi ungali huru, basi mpishi apike kila chakula kwa sufuria ileile atakayoitumia Ramadhani, kwa kijiko kilekile, na akumbuke vijiko vingapi kwa kilo ya muhogo au ya mchele. Asibadilishe chumvi baadaye: kijiko cha chumvi laini kina chumvi nyingi kuliko kijiko cha chumvi ya mawe, kwa kuwa punje kubwa huacha nafasi kati yake. Na akiwa na shaka, apunguze. Chumvi pungufu huongezwa mkekani. Ile hekaya ya kutupia kiazi kwenye mchuzi ili kinyonye chumvi haifai kitu; kiazi hunywa mchuzi wote, maji na chumvi pamoja, hakichagui. Dawa ni kuongeza tui, au muhogo uliochemshwa bila chumvi.

Tena hata anayeonja kwa ruhusa asiuamini sana ulimi wake wa saa kumi na moja jioni. Ladha huhitaji mate ya kuiyeyusha, na kinywa kilichokauka tangu alfajiri hakipimi sawasawa.

Haya yote yanadhani kwamba swali ni la chumvi. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, angeuliza lingine. Katika kitabu chake Ihya anagawa saumu kwa daraja tatu, ya chini ikiwa ni kuzuia tumbo na matamanio, ya kati ikiwa ni kufunga kwa macho, masikio, ulimi, mikono na miguu. Na ulimi anaoutaja yeye ni wa maneno. Kisha anawakemea wanaokusanya vyakula vya kila namna kwa ajili ya Ramadhani, wakala ndani ya mwezi huo wasichokula katika miezi mingine kadhaa. Miaka zaidi ya mia tisa imepita na sinia la futari linaweza kusomewa maneno hayo bila kubadilisha kitu.

Hapo ndipo jambo linapomgeukia anayesubiri chakula. Imepokewa kwamba anayemfuturisha mfungaji hupata ujira mfano wa wake, bila wake kupungua. Aliyefunga huku amesimama saa tatu mbele ya makaa ana saumu yake na za wote aliowalisha. Hesabu yake ni nzuri. Lakini idadi ya vyungu haikuandikwa katika hadithi hiyo. Muhogo, uji wa pilipili manga na tende vinatosha kumfuturisha mtu. Anayedai aina sita kila jioni, kisha akaguna kwamba kunde zimepooza, ndiye mwenye ulimi wa kuchunguzwa, na mafakihi wa Aurangzeb walikuwa karibu sana kumtaja. Katika Bukhari, Bi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa katika kazi za watu wake. Mwanamume aliyekuna nazi mwenyewe juu ya mbuzi, akakamua tui kwa kifumbu mchana wa joto, mara nyingi huwa hana haraka ya kulalamikia chumvi.

Linabaki tukio la siku ya kwanza ya mfungo, ambalo kila jiko linalijua. Mpishi amekoroga, akainua mwiko, na kwa mazoea ya miezi kumi na mmoja ameulamba na kumeza kabla hajakumbuka kwamba ni Ramadhani. Hukumu yake ni nyepesi: aliyekula au kunywa kwa kusahau aendelee na saumu yake, maana ni Mwenyezi Mungu aliyemlisha. Ataweka mwiko chini, atasukutua, na kama chumvi ilikuwa imepungua, hana dhambi yoyote kuiongeza.