Je, Muuguzi Atazamaye Kitabu ni Mjinga?



Usiku mmoja nilikuwa nimekaa hospitalini kando ya kitanda cha mjukuu wangu, aliyekuwa akiharisha tangu juzi yake. Muuguzi alikuja, akamtazama mtoto, akasoma cheti chake, kisha akatoa simu ya mkononi akaanza kuisoma. Nilikasirika. Nikamwambia, "Sista, mtoto yu katika hali hii, nawe wazungumza na rafiki zako?" Hakunijibu kwa ukali. Alinionyesha kioo cha simu, akasema, "Babu, naangalia kipimo cha dawa. Huyu hajafikisha miezi sita." Nikanyamaza kwa aibu.

Tangu siku ile nimejiuliza: kwa nini twamheshimu mganga asiyeuliza kitu, na kumdharau yule anayehakikisha kwanza? Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini kitandani pa mgonjwa twasahau.

Elimu ya tiba haikai mahali pamoja. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF walishauri kwamba mtoto anayeharisha apewe zinki pamoja na maji ya chumvi na sukari: miligramu 10 kwa siku akiwa chini ya miezi sita, na 20 akiwa mkubwa zaidi, kwa siku 10 hadi 14. Muuguzi aliyemaliza chuo kabla ya hapo atayajuaje asipoyasoma?

Tena upendo peke yake hautoshi. Vitabu vingi vilifundisha kwamba mtoto mwenye homa kali, ambaye damu yake haizunguki vizuri, atiwe maji mengi upesi katika mshipa. Madaktari wakalichunguza jambo hilo kwa watoto 3,141 wa Uganda, Kenya na Tanzania. Mojawapo ya hospitali hizo ni Teule ya Muheza, ya Kanisa letu la Anglikana. Matokeo yalitolewa mwaka 2011. Katika kila watoto 100 waliotiwa maji hayo, kama 10 au 11 walikufa katika saa 48. Miongoni mwa wasiotiwa, 7. Waliofuata vitabu vile vya zamani walikuwa na nia njema kabisa.

Basi, muuguzi aliyetenda kwa nia njema bila kujua, ana hatia? Nadhani jibu latokana na swali jingine: je, aliweza kujua? Kama mwongozo ulikuwa mezani naye akaona aibu kuufungua mbele ya watu, lawama ni yake. Lakini kama mwongozo umefungiwa kabatini na mwenye ufunguo amelala nyumbani, lawama ni ya aliyefunga. Nabii Hosea, alipoona watu wanaangamia kwa kukosa maarifa, aliwageukia kwanza makuhani waliopewa maarifa hayo kuyatunza.

Na sisi jamaa wa wagonjwa tuna sehemu yetu. Muuguzi akijua kwamba tutamcheka, atakisia kipimo ili aonekane hodari. Hapo aibu tuliyomtia itakuwa imemgharimu mtoto wetu wenyewe.

Simu yaweza kutumika kwa upuuzi pia, hilo sikatai. Lakini kabla ya kulaumu, tuulize kwa upole. Mimi sikuuliza. Mjukuu wangu alipona, nami sikupata nafasi ya kumwomba sista yule radhi.