Nani Atabaki kwenye Benchi?

Andiko: Marko 2:23–28

Kuna dada kanisani mwetu ambaye ni muuguzi katika wodi ya watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Ameniruhusu niandike haya bila kumtaja jina. Mwaka wa 2020 korona ilipoingia, hospitali yao ilitoa amri: wazazi wasiingie wodini. Mama aliyezoea kushinda kando ya mtoto wake sasa alikamua maziwa, akayaacha mlangoni, akageuka.

Siku moja mtoto wa siku tisa alizidiwa. Dada yetu akamwomba mkubwa wa zamu amruhusu mama aingie. Akaambiwa sheria ni sheria. Mtoto akafia mikononi mwake, mamake akiwa kwenye benchi nje, hatua chache tu.

Aliniuliza, "Pasta, mimi nilikosea?"

Nakiri nilimjibu haraka. Nilimtajia Warumi 13, kutii mamlaka, nikamwombea, tukaachana. Jibu langu halikuwa uongo, lakini lilinifaa mimi kuliko yeye.

Manake jambo lenyewe ni gumu. Sheria ile haikuwa ya Farao, ile ambayo wakunga Shifra na Pua waliikataa katika Kutoka 1. Farao alitaka watoto wafe. Hospitali ilitaka waishi. Ubaya tunajua kuukataa. Je, jambo jema likianza kuumiza, tufanyeje?

Nilisomea biashara kabla ya kuingia katika huduma, na huko tulifundishwa kwamba daftari la hesabu lina pande mbili. Siku zile wengi waliandika upande mmoja tu: hatari ya kuambukizwa. Hasara ya kumtenga mtoto na mamake haikuandikwa. Na ilikuwa hasara kweli. Tangu mwisho wa miaka ya 1970, madaktari wa Bogotá, Colombia, wameonyesha kwamba mtoto mdogo akifungwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, hupata joto na hunyonya. Machi 2021, Shirika la Afya Duniani lilisema njia hiyo ingeweza kuokoa watoto zaidi ya 125,000, na kwamba faida yake ilizidi kwa mbali hatari ya korona kwao. Mama si mgeni wodini. Yeye ni sehemu ya matibabu.

Mtu atauliza, na watoto wengine je? Ni kweli, walistahili kulindwa, na siungi mkono milango kufunguliwa ovyo. Lakini barakoa na gauni alizovaa muuguzi, mama pia angevaa kwa dakika kumi.

Sabato ilikuwa sheria ya Mungu mwenyewe, tena nzuri. Yesu hakuifuta, alikumbusha iliwekwa kwa ajili ya nani. Kwa hiyo kutii au kuvunja si swali la kwanza. Swali la kwanza ni: huyu aliye mbele yangu, sheria hii bado inamlinda?

Nilirudi kwa dada yetu. Nikamwambia, "Dada, wewe uliomba mlango ufunguliwe, na ulipokataliwa ulimshika mtoto asife peke yake. Hiyo si dhambi. Lakini kosa lilikuwepo, na si la kubebwa na wewe. Ni la sisi tunaotunga sheria kisha tunaenda zetu, tukimwachia mwingine asimame nazo mlangoni."

Alilia sana. Miaka hiyo yote watu walimwambia hakuna kosa, na moyo wake ulijua lipo.

Wapendwa, sisi pia tuna milango: nyumbani, kazini, hata hapa kanisani. Kabla ya kupitisha sheria wiki hii, uliza ni nani atabaki kwenye benchi nje. Na ukikutana na muuguzi Jumapili, usimpe jibu la haraka kama langu. Msikilize kwanza, halafu muombe pamoja.