AMPLIFAYA HUKUZA KILE KINACHOINGIA NDANI YAKE

Masomo: 1 Wakorintho 14:7-9, 2 Mambo ya Nyakati 5:12-14, 2 Wakorintho 8:18-21



Tunamshukuru Mungu aliyetufikisha mwezi huu tukiwa hai hapa Nakivale. Kama mlivyotangaziwa, mfuko wa kwaya sasa unatosha kununua amplifaya mpya ya gitaa. Tangu tangazo hilo litoke, maneno yamekuwa mengi. Vijana wanataka ile kubwa kuliko zote zilizopo madukani Mbarara. Wamama wanauliza kwa nini tununue chombo cha kelele na kuna wajane ambao shitingi zao zinavuja. Wengine wanasema kwaya moja itaimiliki na nyingine zitabaki kuombaomba. Jambo hili lisiishie kwenye manung'uniko ya njiani. Tulilete mbele ya Neno la Mungu, sote tusikie.

Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho juu ya kunena kwa lugha, alichukua mfano wa vyombo vya muziki. Alisema filimbi na kinubi visipotofautisha sauti zao, hakuna atakayejua kinachopigwa. Tena tarumbeta ikitoa sauti isiyoeleweka, askari hatajiandaa kwa vita. Angalieni, ndugu zangu: Paulo hakuuliza kama sauti ni kubwa. Aliuliza kama inaeleweka na kama inajenga kanisa. Hilo ndilo swali letu leo.

1. AMPLIFAYA HAINA WIMBO WAKE

Waya wa chuma wa gitaa la umeme unatikisika juu ya sumaku iliyozungushiwa uzi mwembamba wa shaba. Mtikisiko huo unazaa umeme mdogo sana. Amplifaya inaupokea, inaukuza, kisha inausukuma kwenye spika, na spika inasukuma hewa mpaka masikioni mwetu. Kazi yake ni hiyo. Haitungi wimbo wala haimfundishi mpigaji. Gitaa lisipotyuniwa, amplifaya italitangaza kosa hilo mpaka barabarani.

Wazee wanaotoka Katanga wanamkumbuka Mwenda Jean Bosco. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi kule Jadotville, mji tunaouita leo Likasi. Nyimbo zake hazikuwa za kanisa, lakini jambo moja tunajifunza: alipiga gitaa la kawaida lisilo na umeme, na vidole vyake vilijulikana sehemu nyingi za Afrika. Ujuzi ulitangulia chombo. Zaburi ya 33 nayo inatuagiza tupige kwa ustadi. Kijana ambaye hafiki mazoezi ya Alhamisi asidhani mashine itamfanyia mazoezi.

Kuna jambo zito zaidi. Katika Amosi sura ya 5 Mungu anawaambia Israeli waondoe mbele zake kelele za nyimbo zao, kwa sababu walikuwa wanaimba huku wakiwaonea maskini. Ugomvi wa kwaya na kwaya ukiingia mashineni, utatoka ukiwa mkubwa zaidi. Bwana Yesu anasema katika Mathayo 5 kwamba ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako, nenda kwanza mkapatane. Kabla hatujaichomeka hiyo amplifaya, waliokosana wapatane.

2. TUICHAGUE KWA KUHESABU GHARAMA

Luka 14:28 inatufundisha kwamba mtu anayetaka kujenga mnara hukaa kwanza akahesabu gharama. Basi tukae, tuhesabu.

Kwanza, nguvu yake. Wengi wanadhani wati 100 zinalia mara mbili ya wati 50. Sivyo. Ukiongeza wati maradufu, sikio linasikia sauti imepanda kidogo tu. Ili isikike kama mara mbili, nguvu inatakiwa iongezeke karibu mara 10. Kwa kanisa kama letu, lenye mabati juu na ukuta wa udongo, amplifaya ya wati 30 mpaka 50 yenye spika ya inchi 12 inatosha kabisa.

Wamama wetu, hapa ndipo jibu la swali lenu lilipo. Tofauti ya bei kati ya ile ya kutosha na ile kubwa ni fedha nyingi, lakini sauti tutakayoongeza ni kidogo. Hiyo nyingine tutakuwa tumenunua majivuno. Mnajua kwamba tangu mwaka 2023, WFP ilipoanza kugawa msaada hapa Uganda kwa makundi ya uhitaji, nyumba nyingi zilipunguziwa na nyingine zikaondolewa. Katika mfuko huu kuna shilingi za mtu aliyeuza debe la mahindi yake. Kanisa la kwanza lilinung'unikiwa kwa sababu wajane walisahauliwa katika huduma ya kila siku (Matendo 6:1), na mitume hawakulipuuza neno hilo. Kwa hiyo ninawaomba vijana kwa upendo: tununue ya kutosha, na kile kitakachobaki kiende kwenye paa za wajane. Hapo tutakapopiga gitaa, mjane naye ataweza kusema Amina.

Pili, umeme wetu. Tunategemea sola. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ikijaa inabeba kama wati-saa 1,200, na betri ya asidi haifai kutumiwa chini ya nusu, itakufa mapema. Basi tuna kama 600. Amplifaya ikivuta wati 60 kwa ibada ya saa 4, imekula 240. Bado taa, kinanda, vipaza sauti, na kile kinachopotea ndani ya inveta. Chombo kikubwa kitatuzimikia katikati ya mahubiri.

Tatu, aina. Zipo amplifaya za taa za kioo, ambazo wapigaji wengi wanazipenda kwa utamu wa sauti. Lakini ni nzito, zinakula umeme mwingi, na taa zake huchoka zikahitaji kubadilishwa. Kwa barabara zetu na mfuko wetu, ile ya transista inafaa zaidi.

Nne, zawadi za ndugu zetu waliohamia Marekani. Tunawashukuru kwa moyo wao. Lakini vyombo vya kule vingi vimetengenezwa kwa volti 120, na umeme wa hapa ni volti 240. Ukikichomeka hivi hivi, kinaungua siku hiyo hiyo. Someni maandishi ya nyuma. Kama hakipokei volti 240, lazima iwepo transfoma ya kushusha.

Tano, uaminifu. Paulo alipokusanya mchango wa kupeleka Yerusalemu, hakumtuma Tito peke yake. Alituma na ndugu wengine, ili asiwepo wa kulaumu, akiangalia yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za watu pia. Nasi tutume watu watatu: mmoja wa kila kwaya, na mama mmoja wa kamati. Waende na gitaa letu wenyewe, walijaribu dukani. Risiti isomwe kanisani Jumapili inayofuata.

3. TUIWEKE ILI NENO LISIKIKE

Hekalu la Sulemani lilipowekwa wakfu walikuwepo makuhani 120 wenye tarumbeta, pamoja na waimbaji, matoazi na vinubi. Maandiko yanasema walikuwa kama mtu mmoja, sauti yao ikawa moja, ndipo utukufu wa Bwana ukaijaza nyumba. Hakuna aliyetaka kusikika kuliko mwenzake.

Basi wapigaji wetu washike utaratibu huu. Tyuni gitaa kwanza. Chomeka waya wa gitaa wakati sauti iko sifuri, ndipo uwashe. Besi, sauti ya kati na trebo viwe katikati. Pandisha sauti polepole kwaya ikiimba, si ikiwa kimya. Mabati yakirudisha makali, punguza trebo. Mngurumo wa besi ukifunika maneno, punguza besi. Ile inayoitwa geini ikipanda sana sauti inakwaruza. Kwa nyimbo za ibada iwe chini. Amplifaya usiiweke chini miguuni. Iweke juu ya kiti imara au iinamishe kidogo imwelekee mpigaji, kwa maana sauti kali husafiri moja kwa moja: mwenyewe hasikii, anaongeza, na wamama wa mbele wanaumia masikio. Gitaa la besi lisichomekwe humo kwa nguvu, litapasua spika, litafutiwe yake.

Jambo la usalama: plagi yenye miguu mitatu isikatwe mguu. Mguu ule ni wa ethi. Ethi ikikosekana, mpigaji anayeshika nyaya za gitaa na kugusa kipaza sauti kwa midomo anaweza kurushwa na umeme, hata kufa. Mvua ikivuja, zima, chomoa, funika.

Na jirani zetu? Wapo wagonjwa, wapo watoto wachanga, wapo wa imani nyingine. Mkesha ukifika saa nne usiku, sauti ishuke. Mungu anasikia hata kilio cha Hana, aliyeomba kwa midomo tu bila sauti.

4. NI YA NANI?

Ni ya Bwana. Iandikwe katika daftari la mali ya kanisa, si kwa jina la kwaya wala la mtu. Hapa ugenini watu huondoka: huyu amepata safari ya ng'ambo, yule amerudi kwao. Mpigaji mmoja akiondoka na ujuzi wake, chombo kinabaki sanduku. Basi kila mpigaji afundishe wawili, na mmoja wao awe binti. Katika Zaburi ya 137 watu wa uhamishoni walitundika vinubi vyao kwenye miti, wakashindwa kuimba. Hatuwalaumu, maana machozi yao tunayajua. Lakini kama Mungu ametujalia sisi nguvu ya kuvishusha mitini, tusivigombanie tena.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Katika nyumba yetu, ni sauti ya nani hufunika za wengine?
2. Ni nani natakiwa kupatana naye kabla ya Jumapili?
3. Ni mjane gani wa kijiji chetu ambaye paa lake linavuja?

TUOMBE: Ee Bwana, safisha mioyo yetu kabla hujaruhusu sauti zetu zikue. Bariki mikono ya waliotoa na vidole vya watakaopiga. Utupe kuwa sauti moja, hapa ugenini na popote utakapotupeleka. Kwa jina la Yesu, Amina.

Mungu awabariki.
Mtumishi wenu katika Bwana.