Picha Ilitangulia, Niya Ikafuata



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Rumonge. Asubuhi moja wavuvi wa ndagala walirudi na maiti ya mwenzao aliyezama usiku baada ya upepo kupindua mtumbwi wake. Kabla hajafunikwa, mtu alishampiga picha. Ilinifikia kwa WhatsApp, nami nikaituma kwenye makundi mawili. Binti wa marehemu, anayesoma Bujumbura, aliiona kabla mjomba wake hajampigia simu.

Nilipoulizwa kwa nini, jibu lilikuwa tayari mdomoni: nilitaka watu wamwombee dua, na wavuvi wengine wachukue tahadhari. Nililiamini. Sasa siliamini tena, na kilichonitia shaka ni somo la ubongo.

Ubongo una nusu mbili, zilizounganishwa na daraja nene la nyuzi za neva. Kilicho kushoto kwa pale unapokaza macho huingia kwanza nusu ya kulia, na kilicho kulia huingia nusu ya kushoto. Kwa watu wengi, kusema ni kazi ya nusu ya kushoto. Huko Marekani, kuanzia miaka ya 1960, Roger Sperry, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, na mwanafunzi wake Michael Gazzaniga waliwachunguza wagonjwa wa kifafa waliokatwa daraja hilo ili wapate nafuu. Baadaye Gazzaniga alimwonyesha mgonjwa mmoja, kwa nusu ya kulia peke yake, filamu ya mtu akimtupa mwenzake motoni. Alipoulizwa ameona nini, alisema ni mwanga tu. Lakini alikuwa ameingiwa na hofu, na papo hapo akaitafutia sababu: labda ni chumba hiki, labda ni wewe daktari. Hakuwa anadanganya. Nusu yenye ulimi ilipokea hofu bila picha, ikatunga maelezo, kisha ikayaamini.

Tusikimbilie kusema kulia ni moyo na kushoto ni akili, kama wanavyopenda wauza semina. Watafiti wenyewe wamegawanyika: wapo wanaosema nusu ya kulia huongoza hisia zote, wapo wanaosema kulia huelemea hofu na huzuni, kushoto furaha. Tena mimi na wewe hatujakatwa chochote; nusu zetu hupashana habari. Nilichokichukua mimi ni kidogo: maelezo yanaweza kuja baada ya hisia, yakavaa sura ya sababu.

Hapo ndipo ninapokwama na hadithi tuliyoihifadhi tangu madrasa, kwamba amali huhesabiwa kwa niya. Wengi tunajificha humo. Lakini katika madhehebu ya Shafi, tuliyosomeshwa wengi wetu, saumu ya Ramadhani hunuiwa usiku, kabla ya alfajiri, na sala hunuiwa pamoja na takbira. Anayekumbuka kunuia Ramadhani adhuhuri amechelewa. Je, dua kwa marehemu mimi niliinuia lini? Nikijihesabu kwa haki, nilishtuka, na mshtuko ukataka wa kushtuka nami. Kidole kilibonyeza. Dua niliikumbuka nilipoulizwa.

Rafiki yangu mmoja chuoni anapinga: kama hisia hutangulia, lawama inatoka wapi? Mtazamo wa kwanza si umesamehewa? Kweli, Mtume (S.A.W.) alimfundisha hivyo Sayyidna Ali, ingawa hapo ilikuwa habari ya kumtazama mwanamke ajinabi. Lakini mimi picha ile niliitazama mara tatu. Na Surat Yasin, tunayowasomea maiti wetu, inataja siku ambayo midomo itafungwa na mikono ndiyo itakayosema. Nikiwaza mkono wangu utasema nini, maelezo yote niliyoyapanga hayanifai.

Sisemi picha zote zifichwe. Za nyumba zilizoingiliwa na maji Gatumba mwaka 2024, ziwa lilipofura, zilistahili kuonekana na kila mtu.

Nilikwenda kumwomba radhi binti yule, mjomba wake akiwepo, maana haki ya mja haiishi kwa istighfari ya peke yako. Habari za dua na tahadhari sikuzitaja. Alinisikiliza, kisha akauliza, “Kaka, picha bado unayo?”

Nilikuwa nayo. Nikaifuta mbele yake.